Udongo wa Chapwa: Jinsi ya Kuueleza na Kuupa Jina

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba udongo ni mchanganyiko wa chembe za miamba iliyovunjika, mabaki ya mimea na wanyama, maji na hewa. Katika somo hili utajifunza jinsi wataalamu wanavyoueleza udongo na kuupa jina. Utaona pia kwamba jina la udongo lina faida kubwa kwa mkulima.

Fikiri juu ya mkulima mmoja wa Chapwa mwenye mashamba mawili. Shamba la kwanza lipo juu ya mgongo wa kilima, na udongo wake ni mwekundu. Shamba la pili lipo bondeni, na udongo wake ni wa kijivu. Mwaka huu amenunua mbolea ya aina moja, akaitia katika mashamba yote mawili kwa kiasi kile kile. Mahindi ya kilimani yamekuwa ya manjano. Mahindi ya bondeni yamedumaa. Fedha ya mbolea imekwisha, na chakula cha nyumbani hakitatosha.

Je, kosa liko wapi? Liko katika mbolea, katika mvua, au katika udongo? Hatuwezi kujibu kwa kubahatisha. Inatupasa kupima.

A. MAHALI

Chapwa ni kata iliyo Tunduma, katika Mkoa wa Songwe. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Upande wa pili wa mpaka ni nchi ya Zambia.

Mtaalamu akienda kupima udongo huandika kwanza mambo haya:
1. Jina la mahali na tarehe.
2. Latitudo na longitudo. Tunduma ipo karibu na latitudo ya nyuzi 9 Kusini na longitudo ya nyuzi 33 Mashariki.
3. Kimo kutoka usawa wa bahari. Nyanda za Tunduma zina kimo cha kati ya meta 1,500 na 1,700 hivi.
4. Umbo la ardhi: kilele, mteremko au bonde.
5. Mimea iliyopo na kazi inayofanyika hapo.
6. Aina ya mwamba ulio chini. Sehemu kubwa ya nyanda hizi ina miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1,000.

Kwa nini tunaandika umbo la ardhi? Kwa sababu maji huteremka. Udongo wa kilimani hupoteza maji, na udongo wa bondeni huyapokea. Kwa hiyo mashamba mawili yanayotazamana yanaweza kuwa na udongo tofauti kabisa.

B. HALI YA HEWA

Chapwa ina msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza mnamo mwezi wa Novemba na kwisha mnamo Aprili. Kuanzia Mei mpaka Oktoba ni kiangazi. Miezi ya Juni na Julai huwa na baridi.

Kwa nini Chapwa ni baridi kuliko Dar es Salaam? Kwa kawaida, kila tupandapo meta 100 joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi za Sentigredi. Wastani wa joto la mwaka huko Dar es Salaam ni nyuzi 26 hivi. Kadiria mwenyewe wastani wa mahali penye kimo cha meta 1,600. Kumbuka kwamba hayo ni makadirio tu. Kipimajoto ndicho shahidi wa kweli.

Sasa tutazame kazi ya mvua ndani ya udongo. Takwimu zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya zoezi, lakini zinafuata misimu ya Chapwa. Takwimu halisi hutunzwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Jedwali la 1: Mvua na maji yanayoweza kupotea hewani (milimeta)

Novemba: mvua 100, yanayopotea 150
Desemba: mvua 210, yanayopotea 120
Januari: mvua 220, yanayopotea 110
Februari: mvua 190, yanayopotea 105
Machi: mvua 190, yanayopotea 115
Aprili: mvua 80, yanayopotea 115

Maji hupotea hewani kwa njia mbili: kugeuka mvuke juu ya ardhi, na kupumuliwa na majani ya mimea. Toa maji yanayopotea kutoka katika mvua ya mwezi huo. Novemba hakuna ziada. Desemba ziada ni milimeta 90, Januari 110, Februari 85 na Machi 75. Jumla ya ziada ni milimeta 360.

Tuseme kwamba maji hayo yote yaliingia ardhini, na kwamba udongo wetu unaweza kushika milimeta 100 tu. Zinabaki milimeta 260. Maji hayo huenda wapi? Huzama chini, mbali na mizizi.

Mvua ya milimeta 1 juu ya eneo la meta 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji. Kwa hiyo, katika mfano wetu, kila meta ya mraba hupitisha lita 260 kila mwaka. Maji hayo hayaendi peke yake. Huchukua madini yanayoyeyuka kwa urahisi, kama kalisi, magnesi na potasi, ambayo ni chakula cha mimea. Kazi hiyo ikiendelea kwa maelfu ya miaka, udongo hupungukiwa na chakula cha mimea na kuwa wa tindikali.

Ni kitu gani kinachobaki? Madini ya chuma hayayeyuki kwa urahisi mahali penye hewa. Hubaki na kufanya kutu. Tazama jembe lililoachwa nje wakati wa mvua: limekuwa jekundu. Udongo mwekundu hupata rangi yake kwa njia hiyo hiyo.

Watu wengine hudhani kwamba wekundu wa udongo wa Songwe umetoka katika Kimondo cha Mbozi, kilichopo Ndolezi. Ni kweli kwamba kimondo hicho kimefanyika kwa chuma kwa sehemu kubwa. Lakini urefu wake ni meta 3 tu hivi. Hakiwezi kupaka rangi mkoa mzima. Chuma cha udongo wetu kimetoka katika miamba yenyewe.

C. KUCHIMBA SHIMO NA KUELEZA UDONGO

Vifaa: jembe, sururu, koleo, rula ndefu, kisu butu, maji, chupa tatu za kioo zenye vifuniko, sabuni ya unga, karatasi za litimasi, daftari na kalamu.

Tahadhari: Chimbeni pamoja na mwalimu. Shimo lisizidi meta 1 kwenda chini, na liwe na ngazi ya kutokea. Msirundike udongo ukingoni. Msichimbe karibu na reli, barabara au nguzo za umeme. Kazi ikiisha, rudishieni udongo wa chini kwanza, kisha wa juu.

Mkiisha kuchimba, safisheni ukuta mmoja wa shimo kwa kisu. Mtaona kwamba udongo una matabaka. Pimeni kina cha kila tabaka kwa rula, kisha chunguzeni mambo matano.

1. Rangi. Lowesheni bonge dogo na kutazama rangi yake penye mwanga wa jua. Wataalamu hulinganisha rangi ya udongo na vipande vya rangi vilivyomo katika kitabu cha Munsell, ili mtu wa Chapwa na mtu wa nchi nyingine watumie jina moja kwa rangi moja.

2. Mguso. Lowesheni udongo na kuufinyanga. Ukikwaruza na kutoshikamana, ni kichanga. Ukiweza kufanya uzi mrefu na kuukunja kama pete bila kukatika, ni mfinyanzi. Ukiwa katikati, ni tifutifu. Lakini angalia! Katika udongo mwekundu, kutu ya chuma hugandisha chembe za mfinyanzi zikawa kama punje za mchanga. Usikate shauri upesi. Endelea kuukanda kwa dakika chache, nao utaanza kunata.

3. Umbo la mabonge. Vunja bonge kwa vidole. Je, linavunjika kuwa punje au vipande vyenye pembe? Nyuso za vipande zinang'aa au ni za kufifia?

4. Tindikali. Changanya udongo na maji safi, uache utulie, kisha chovya litimasi ya bluu. Ikigeuka nyekundu, udongo una tindikali.

5. Uhai. Hesabu mizizi, matundu ya minyoo na vishimo vya mchwa katika kila tabaka.

JARIBIO: Kutenga chembe za udongo

Chukua udongo wa kila tabaka, uuponde na kuujaza katika chupa yake mpaka theluthi moja. Ongeza maji na kijiko kidogo cha sabuni ya unga. Sabuni husaidia kutenganisha chembe zilizogandamana. Funga kifuniko na kutikisa kwa nguvu kwa dakika 10. Weka chupa mezani, usiiguse tena.

Mchanga hutuama kwanza, kwa kuwa chembe zake ni kubwa. Baada yake hutuama tope laini. Mfinyanzi huchelewa sana, kwa kuwa chembe zake ni ndogo kuliko milimeta 0.002. Subirini siku mbili au zaidi, kisha pimeni unene wa kila sehemu.

Ifuatayo ni kumbukumbu ya mfano. Yenu huenda ikawa tofauti. Andikeni mlichokiona, wala msinakili.

Jedwali la 2: Shimo la mgongoni mwa kilima

Tabaka la kwanza, sentimeta 0 hadi 20: kahawia-nyekundu, tifutifu, mizizi mingi, litimasi imegeuka nyekundu. Katika kila sehemu 100, mfinyanzi ni sehemu 30.

Tabaka la pili, sentimeta 20 hadi 50: nyekundu, tifutifu yenye mfinyanzi, mizizi michache, litimasi imegeuka nyekundu. Mfinyanzi ni sehemu 40.

Tabaka la tatu, sentimeta 50 hadi 100: nyekundu sana, mfinyanzi, mizizi haba, nyuso za mabonge hazing'ai, litimasi imegeuka nyekundu. Mfinyanzi ni sehemu 45.

D. KUUPA UDONGO JINA

Kuainisha ni kupanga vitu katika makundi kwa kufuata sifa zake. Umekwisha kuainisha wanyama na mimea. Udongo nao una makundi yake.

Hapa kwetu Afrika Mashariki kazi hii ina historia ndefu. Katika miaka ya 1930 mtaalamu aitwaye Geoffrey Milne alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Alisafiri sehemu nyingi za nchi yetu akichunguza udongo. Aliona kwamba kutoka kilima hata bonde aina za udongo hufuatana kwa utaratibu ule ule, kama pete za mnyororo. Akauita utaratibu huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mwaka 1936 ilitolewa ramani ya udongo ya Afrika Mashariki aliyoiongoza. Neno katena linatumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote mpaka leo.

Mwaka 1974 mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO na UNESCO, yalitoa orodha ya majina kwa ajili ya ramani ya udongo wa dunia. Tangu mwaka 1998 mataifa mengi hutumia mfumo mwingine uliotokana na orodha hiyo. Mfumo huo sasa una makundi makuu 32.

Ramani ya FAO na UNESCO ina skeli ya 1:5,000,000. Maana yake, milimeta 1 katika ramani ni kilometa 5 ardhini. Je, shamba la mkulima wetu linaweza kuonekana humo? Haliwezi. Ramani kama hiyo hutuambia tutegemee nini. Shimo hutuambia kuna nini.

Tumia ufunguo huu mfupi. Anza na swali la kwanza. Jibu likiwa "ndiyo", simama hapo. Likiwa "hapana", endelea.

1. Je, udongo ni mfinyanzi mzito unaopasuka nyufa pana na ndefu wakati wa kiangazi? Ni Vetisoli. Huu ndio udongo mweusi wa mbuga.
2. Je, una rangi ya kijivu karibu na juu, pamoja na madoa ya kutu, kwa sababu ya kujaa maji? Ni Gleisoli.
3. Je, ni mweusi, mwepesi, na umetokana na majivu ya volkano, kama yale ya Mlima Rungwe? Ni Andosoli.
4. Je, ni mwekundu, wenye kina kirefu na mfinyanzi mwingi, na nyuso za mabonge yake zinang'aa? Ni Nitisoli.
5. Je, ni mwekundu au wa manjano, umechakaa sana, na mfinyanzi wake hauongezeki wazi kwenda chini? Huenda ni Feralisoli.
6. Je, mfinyanzi huongezeka wazi kwenda chini, nao udongo una tindikali? Huenda ni Akrisoli.

Sasa rudi katika Jedwali la 2. Mtu aliyetazama rangi peke yake angesema upesi: "Ni Feralisoli, kwa kuwa ni mwekundu na umechakaa." Lakini tazama chupa. Mfinyanzi umeongezeka kutoka sehemu 30 juu hadi sehemu 45 chini, yaani mara moja na nusu. Litimasi imeonyesha tindikali katika kila tabaka. Maji ya ziada tuliyoyahesabu yanaeleza kwa nini: chembe ndogo za mfinyanzi huteremka pamoja na maji na kukaa chini. Kwa hiyo tunaandika: "Huenda ni Akrisoli."

Kwa nini tunaandika "huenda"? Kwa sababu chupa haipimi sawasawa kama mizani ya maabara, na litimasi haielezi ni chakula kiasi gani cha mimea kilichobaki. Kuna udongo uitwao Liksisoli unaofanana sana na Akrisoli, lakini una kalisi, magnesi na potasi zaidi. Maabara tu ndiyo inayoweza kuutenga. Mwanasayansi mwema husema anachokijua, na husema pia ni wapi ujuzi wake umekomea.

Na shamba la bondeni? Udongo wake ni wa kijivu, una madoa ya kutu, na maji hutuama. Swali la pili linatosha: ni Gleisoli. Mahali palipojaa maji hewa hukosekana. Kutu ya chuma hubadilika, na wekundu hutoweka. Mizizi ya mahindi nayo hukosa hewa.

E. FAIDA YA JINA

Sasa tunaweza kumjibu mkulima wetu. Kosa lake halikuwa uvivu. Aliyahudumia mashamba mawili kama kwamba ni shamba moja.

Shamba la kilimani lina tindikali na chakula kidogo. Linahitaji samadi na mboji. Chokaa hupunguza tindikali, lakini itiwe kwa kipimo baada ya udongo kupimwa. Mbolea ya salfeti ya amonia huongeza tindikali. Kwa hiyo haifai kutumiwa hapo mwaka hata mwaka bila kupima. Matuta yakate mteremko, ili mvua isichukue tabaka la juu. Tazama tena mizizi katika Jedwali la 2: imejaa katika sentimeta 20 za kwanza. Tabaka hilo likichukuliwa na maji, hakuna mbolea ya dukani itakayolirudisha.

Kwa miaka mingi wakulima wa nyanda za mpakani mwa Tanzania na Zambia wamekuwa wakifukia nyasi ndani ya matuta, kisha kupanda juu yake nyasi zikiisha kuoza. Hawakuwa na litimasi wala maabara, lakini walitambua kwamba udongo kama huu huishi kwa mabaki ya mimea. Sayansi inakubaliana nao.

Shamba la bondeni linahitaji jambo jingine. Achimbe mifereji ya kutoa maji ya ziada, au apande mazao yanayovumilia maji, kama mpunga, na mboga wakati wa kiangazi. Kuongeza mbolea bila kutoa maji ni kutupa fedha.

MUHTASARI

1. Udongo huelezwa kwa mahali pake, hali ya hewa yake na matabaka yake.
2. Mvua ya ziada huondoa chakula cha mimea na kuacha tindikali na kutu ya chuma.
3. Rangi peke yake haitoshi kuupa udongo jina.
4. Aina za udongo hufuatana kutoka kilima hata bonde. Utaratibu huo huitwa katena.
5. Jina la udongo humwongoza mkulima kuchagua mazao na matunzo.

MAZOEZI

1. Kwa nini ni lazima kuandika umbo la ardhi kabla ya kuchimba shimo?
2. Mvua ya milimeta 40 imenyesha juu ya bustani yenye eneo la meta 12 za mraba. Ni lita ngapi za maji zilizoanguka?
3. Katika Jedwali la 1, tuseme udongo unaweza kushika milimeta 150 badala ya 100. Ni milimeta ngapi zitakazozama chini ya mizizi?
4. Mwenzako amesema, "Udongo wote mwekundu ni wa aina moja." Mjibu kwa kutumia ushahidi kutoka katika somo hili.
5. Kwa nini udongo wa bondeni huwa wa kijivu, ingawa una chuma?
6. Katika ramani ya skeli ya 1:5,000,000, sentimeta 2 ni kilometa ngapi ardhini?

KAZI YA KIKUNDI

Chagueni mteremko ulio karibu na shule. Pamoja na mwalimu, chimbeni mashimo matatu: juu, katikati na chini. Jazeni majedwali kama mlivyojifunza, kisha tumieni ufunguo. Chini ya kila jina andikeni sababu zenu. Mwombeni mzee mmoja mkulima aeleze jinsi anavyoutambua udongo mzuri, mkalinganishe maelezo yake na vipimo vyenu. Tunzeni daftari hilo katika maktaba ya shule, ili wanafunzi watakaokuja waweze kuona kama udongo wa mteremko huo umehifadhiwa au umepotea.